Tosha Yangu Ilivyong'oa Mzabibu wa Mzee

Jina langu msiliweke, tafadhali. Kanisa letu la Shard End hukutana kwenye ukumbi wa kukodi na tunajuana mpaka rangi za soksi, kwa hiyo nikisema tu kwamba nilikuwa nahudumia mzee wa Kiitaliano kule Sutton Coldfield, nusu ya wasomaji wameshanijua. Hiyo nusu naomba inyamaze.

Nilikosa. Natanguliza hilo mapema ili msije mkaanza kunionea huruma katikati ya stori. Nilikosa kwa ajili ya mwanamume, nikakosa kwa ajili ya simu, nikamalizia na mdomo. Simu na mdomo ni vyangu. Mwanamume hakuwa wangu, na mpaka leo usiniulize.

Mkitaka kucheka pia, chekeni. Mimi nikikumbuka hucheka kwanza, ndio nalia baadaye, na kuna siku nilifanya vyote viwili ndani ya basi mpaka mama mmoja akaniachia kiti.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Kirinyaga, umri wa kuitwa shangazi na watu nisiowajua. Naishi Hodge Hill. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuamsha, kuosha, chai, dawa, na stori nyingi. Mzee ninayemsema tumwite Mzee Tino. Alikuja Birmingham akiwa kijana kufanya kazi kiwandani, akaoa hapa, mke akafariki, watoto hawakujaliwa. Ana mpwa mmoja, na nyuma ya nyumba alikuwa na mzabibu.

Sikilizeni vizuri habari ya mzabibu huo, maana ndio mambo yote.

Ulikuwa ndani ya kile kibanda chake cha vioo, shina nene kama paja la mtoto, matawi yametanda juu mpaka mlangoni. Zabibu zake ni nyeupe, za kutengeneza divai. Mzee alikuwa anazikamua mwenyewe, anapata chupa chache za kunywa na kumbukumbu zake. Mimi ni mtu wa wokovu, lakini aliwahi kunionjesha kwa kijiko. Nilikunja uso, halafu nikaomba kijiko kingine.

Aina hiyo inaitwa Zitella. Mzee aliniambia kwao maana yake ni mwanamke aliyekaa bila kuolewa, kwa sababu zabibu nyingine zote zikishavunwa, yeye bado yuko juu anajifikiria. Nikamwambia, "Mzee, huyo ni mimi." Alicheka hadi nikampigapiga mgongo.

Kumbe hiyo tabia ya kuchelewa ndiyo ilimponza. Wakulima wa bonde lao walichoka kumngoja, wakamng'oa, wakapanda zabibu za kuzaa haraka. Wengine wakahamia mijini, mashamba yakabaki vichaka. Mizabibu ya Zitella iliyobaki kule ni ya kutafuta kwa tochi, na hiyo hiyo inaugua. Wa Mzee Tino ndio ulikuwa mzima kabisa, alioubeba ukiwa kijiti ndani ya mkono wa koti siku aliyohama. Haupatikani kwenye duka lolote.

Basi mpwa wake akawasiliana na mama mmoja huko kwao, mtaalamu wa mizabibu, na mama akasema atakuja baada ya Pasaka achukue vijiti vya kupandikiza, akavioteshe upya kule kule bondeni. Kwa mzee hiyo ilikuwa kama kuambiwa marehemu mama yake amepata viza. Alimwambia mpaka mtu wa kuleta barua.

Katikati ya furaha hiyo, bado majira ya baridi, akaitwa hospitali kutengenezwa goti. Akaniachia ufunguo nifungue madirisha na kulisha paka. Akaniambia, "Kuna tawi moja linaziba mlango wa kibanda, tafuta mtu alikate, huyo mama apite. Hilo moja tu. Mengine asiguse mtu." Nikasema sawa mzee, mimi ni mtoto wa shamba, kahawa nimepogoa tangu utotoni, lala salama.

Tawi moja. Mimi mwenyewe ningelikata kwa kisu cha jikoni.

Lakini, nyinyi watu, kulikuwa na Papa Furaha.

Papa Furaha ni Mkongomani wa Bukavu, mjane, Furaha ni binti yake aliyeolewa. Anaimba besi kwenye kwaya yetu, na wikendi anafanya kazi za bustani na vani yake. Si mrembo wa kupigwa picha, lakini ana ile tabia ya kukusikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama unamwambia jambo la maana hata ukisema habari ya mvua. Nilikuwa nammezea mate tangu sikukuu ya mavuno kanisani. Yeye ananiita Dada Kenya, na mimi nikiitwa hivyo nasahau nilikuwa naenda wapi.

Nikampigia. "Papa Furaha, nina kazi kubwa sana ya bustani." Eti kubwa.

Alikuja asubuhi, nimevaa ile blauzi yangu ya kijani inayonipendeza. Nikamwonyesha tawi la mlangoni. Akalikata, kazi ikaisha, hata maji ya chai hayajachemka. Nikaona huyu anaenda. Nikajipata nasema, "Na hapa punguza kidogo. Na pale pia." Akaniuliza kama mwenyewe amekubali. Nikasema mwenyewe amesema nitumie akili yangu. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na ulitoka laini bila kukwaruza.

Nikaingia jikoni kumpikia chapati na ndengu, simu begani, dada yangu upande wa pili huko Kerugoya. Nilikuwa namtangazia kupitia dirishani kama mpira. "Amevua sweta." Dada yangu anauliza, "Na mikono?" Namwambia, "Mikono iko." Tunacheka kama wasichana wa bweni.

Kuinua macho, naona rundo la matawi chini limekuwa kama kilima. Nikashtuka, nikafungua dirisha, nikapaza sauti, "Papa Furaha, tosha! Tosha kabisa!"

Akasimama. Akautazama mzabibu, akanitazama mimi. "Kabisa?"

"Kabisa!" Na kidole gumba nikamwinulia.

Akatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni fulani. Mimi kwa ujinga wangu nikamwambia dada yangu, "Umeona, hataki kazi iishe." Nikafunga dirisha, nikarudi kwa chapati. Tuliongea sana. Tulishapanga hadi rangi za harusi, na dada yangu anataka zambarau.

Baadaye akabisha mlango wa nyuma, ana udongo mpaka kwenye nyusi. "Dada Kenya, minamaliza. Ile muti ilikuwa nguvu sana, lakini minaitosha na mizizi yake yote."

Nikamuuliza, "Inatosha nini?"

"Minaitosha. Iko ku vani."

Nilitoka na mwiko mkononi. Ndani ya kibanda palikuwa na mwanga kila mahali, na chini shimo la kuzikia mbuzi. Zitella hayuko. Kwenye vani, milango wazi, gogo la mzizi limekaa na bonge la udongo wake, na vijiti vimefungwa vizuri kwa kamba.

"Nilisema tosha," nikamwambia.

"Eee. Ulisema tosha, njo nikatosha."

"Tosha maana yake imefika, acha."

"Kwetu hiyo tunasema inaenea. Tosha ni kuondoa. Nilikuuliza kabisa, ukasema kabisa."

Tukabaki tunatazamana, kila mtu amesimama na Kiswahili chake. Na hapo, Mungu anisamehe, kicheko kilinishika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Naye akaanza kucheka, ile besi yake, hajui tunacheka nini. Halafu akaacha, akainamisha kichwa vile anavyoinamisha. "Dada, kwani nimekosea? Niirudishe?"

Ningesema ndiyo. Ni neno fupi. Lakini nilikuwa na blauzi ya kijani, na yeye amechoka, na chapati ziko moto, na nikisema ndiyo itabidi nieleze kwa nini nilimwita kwa tawi moja. Nikamwambia, "Hapana, umefanya vizuri sana. Upeleke tu. Njoo ule."

Akala. Akasifu. Akaondoka na mzabibu.

Usiku sikulala, asubuhi nikaenda duka la miche nikanunua mzabibu wowote, kamti kembamba kama penseli, nikakapanda shimoni. Mzee akipiga simu kutoka hospitali, halafu kutoka ile nyumba ya mazoezi walikompeleka, swali la kwanza ni, "Zitella hajambo?" Namjibu, "Hajambo, anakusalimu." Nilikuwa nasema hivyo huku nakatazama kale kapenseli.

Mngedhani nimefika mwisho wa ubaya. Bado.

Jumapili, tukipanga viti, rafiki yangu Mama Wairimu, ambaye nilimwahidi kumpeleka kuona huo mzabibu maarufu, akaniuliza lini. Kina mama wote masikio juu. Nikababaika, mdomo ukanitangulia. "Wee, wacha tu. Papa Furaha ameung'oa. Nilimwambia aache, lakini hawa Wakongomani Kiswahili chao si Kiswahili." Watu wakacheka. Nilimruka kimanga hivyo hivyo, mchana kweupe, ndani ya kanisa.

Alikuwa nyuma yangu amebeba viti. Aliviweka chini polepole, kimoja kimoja, bila kelele, akaenda zake. Siku hiyo kwaya iliimba bila besi, na kila mtu alisikia pengo isipokuwa mchungaji.

Nikajikaza kisabuni. Nikasema yatapita. Kwenye ubatizo wa mtoto wa shemasi tulichoma nyama nje tukiwa na makoti yetu, na moshi ulikuwa na harufu tamu ajabu. Nilikula, nikaomba kuongezewa. Ndipo mtu akasema kuni zilitoka kwa Papa Furaha, gogo fulani kavu alilong'oa kwenye bustani ya watu. Kile kipande cha nyama sijui kilishukaje.

Kilichonivunja ni suti. Pasaka ilipokaribia, mzee akaniomba nimpelekee suti yake pale kwenye mazoezi aijaribu, maana yule mama wa mizabibu ameshakata tiketi. Nilipofika mlangoni nilimsikia anaongea peke yake. Alikuwa anafanya mazoezi ya lugha ya kijijini kwao, hajaitumia tangu ndugu zake wafe, na aliogopa itamkwama mbele ya mgeni. Anasema sentensi, anaikosoa, anaisema tena, anacheka. Aliponiona akasema, "Binti, nitamwambia mimi mwenyewe, huyu hapa Zitella, mrudishe nyumbani."

Nikamvalisha koti la suti. Nikamwambia linamkaa vizuri. Nikatoka nikaketi kwenye ngazi, nikapiga simu kwa Papa Furaha. Hakupokea, nikamfuata kwake.

Alinifungulia mlango bila kuniita Dada Kenya. Nikamweleza yote, tawi moja, blauzi, dada yangu, harusi ya zambarau, kila kitu, maana aibu ikishafika shingoni inakubidi kuogelea. Nikamuuliza vile vijiti viko wapi.

"Vijiti nitakuambia," akasema. "Lakini mbele ya bale bamama, utasema nani hajui Kiswahili."

Jumapili hiyo, wakati wa ushuhuda, nikainuka. Watu walidhani nimepata makaratasi ya kukaa. Nikawaambia Papa Furaha alinisikia vizuri na alifanya nilichosema, na mimi nilijua hivyo siku nilipomcheka. Nikaeleza tosha ya Kirinyaga na tosha ya Bukavu. Upande wa Wakongomani walianza kucheka wa kwanza, Watanzania wakafuata, halafu ukumbi mzima ukaanguka, na mimi nacheka huku kamasi zinanitoka. Halafu nikaeleza habari ya mzee na suti yake, na vijiti ninavyovitafuta.

Ndipo Mama Neema, mama mzito wa Bukavu anayekaa kiti cha mbele, akasema, "Ile vijiti? Iko ku shamba yangu." Papa Furaha alimpa ajengee uzio, mbweha wasimfukulie lenga-lenga, ule mchicha wa kwao.

Ibada haikufungwa vizuri siku hiyo. Tulitoka kina mama na vitenge vyetu na viatu vya kisigino, tukavuka uwanja kwenda kwenye vile vishamba vya kukodi, tope hadi kwenye vifundo, mchungaji nyuma anauliza kama kuna moto. Uzio wa Mama Neema ulikuwa umechanganywa vijiti vya kila aina, vingi vimekauka. Papa Furaha akapita akiinama, akivipapasa. Halafu akaita. Kijiti kilikuwa na macho ya kuchipua yaliyovimba, yenye manyoya meupe kama kifaranga aliyetoka yai. Kikapatikana kingine, na kingine. Kina mama wakapiga vigelegele mpaka watu wa bustani za jirani wakaacha majembe. Mimi nilikumbatia mtu niliyemkuta karibu, na alikuwa mchungaji.

Tukavifunga kwa taulo lililoloa. Nikavipeleka kwa mzee kesho yake, nikapiga magoti kando ya kiti chake na kumwambia yote.

Aliniomba nirudie. Nikarudia. Alichukua kijiti kimoja, akayagusa yale macho yaliyovimba kwa kidole, akakilaza mapajani. Sikumsikia akipandisha sauti. Alisema tu, "Nenda." Jioni ofisi ikanipigia kwamba nimeondolewa nyumbani kwake. Kwa Kiswahili cha Bukavu, nilitoshwa.

Yule mama alikuja. Mzee alimpa vijiti kwa mkono wake, amevaa suti. Vingi vimeshika mizizi huko kwao, mpwa ameniambia, wanavilea kama watoto wachanga, na kuna bonde sasa litaona Zitella tena. Yule mama alimwachia mzee kimoja kwenye chungu, kiko dirishani. Kwa hiyo zabibu haikufa. Nashukuru Mungu, na nashukuru mbweha wa Shard End.

Papa Furaha amenisamehe, na anasema hivyo kwa dhati. Lakini tangu siku ile ananisemesha Kiingereza. Ananisalimu kwa Kiingereza cha kwa daktari, safi, kamili, kila neno mahali pake, ili lisipotee lingine kati yetu. Anainamisha kichwa vile vile. Nalimisi lile Dada Kenya.

Na mzee? Majuzi alimtuma mpwa aniite, niende Jumapili kama mgeni. Mfanyakazi mpya alinifungulia, akaniambia mzee huyu ni wa ajabu, anameza dawa zote bila kubembelezwa, anafanya mazoezi ya goti bila kuambiwa, anakula hata brokoli. Enzi zangu alikuwa ananifichia vidonge chini ya sahani. Nikamuuliza mwenyewe kulikoni. Akaonyesha kile chungu. Mzabibu mchanga unachukua miaka kuzaa, na Zitella ni mchelewaji kuliko wote. Anasema hawezi kufa kabla hajaonja tena. Ule mkongwe ungemzalia msimu huu huu.

Akaniuliza kama naona atafika. Uongo laini ulikuwa tayari mdomoni.

Badala yake nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelibakiza. Kupitia kwa mpwa, yule mama mtaalamu aliniuliza mzizi ulipelekwa wapi, nikamweleza habari ya vani na bonge la udongo. Akaniambia mzabibu ukiwa bado umelala kwa baridi hivyo, umeng'olewa na udongo wake, ukirudishwa shimoni siku ile ile mara nyingi unashika tena. Mzee akageukia chungu chake.

Basi wewe unayesoma, acha kuogopa tosha. Tosha lilikuwa kosa la lugha, na mtu aliyelifanya alisimama mbele yangu akiwa tayari kulirekebisha, na mimi nikamwambia aupeleke. Ukikosea kitu cha mtu mzee, mwambie chai ikiwa bado moto. Wewe una muda wa kujipanga utasemaje. Yeye hana.